Papa Siku Munane

Mume wangu Useni ni mtu ambaye akigonga mlango, watoto wa nyumba hiyo wanaambiwa waseme mama hayuko. Yeye ni huissier. Kwa asiyeijua kazi hiyo: ni mtu wa tribunali, yaani mahakama, anayemletea mwenye deni karatasi, anamwambia una siku nane za kulipa, na zikipita bila kulipa anarudi na wabebaji kukamata vitu. Kabla siku hizo hazijapita, hata kijiko hagusi. Sheria ndivyo inavyosema, na Useni ameishika sheria hiyo kama mwingine anavyoshika mfuko wake katikati ya soko la Virunga.

Mjini wanamuita Papa Siku Munane. Wengi wanamuita hivyo kwa kumcheka. Mimi pia namcheka, lakini mimi nina haki, nimemfulia mashati zaidi ya miaka ishirini.

Alizaliwa Kasongo, kule Maniema, akaletwa Goma na mjomba wake dereva wa lori. Alisoma mpaka akapata diploma, akaingia tribunali kwa kubeba madosié, mafaili ya kesi, na polepole akawa huissier. Hata posa yangu aliileta kwa mtindo huo. Alimwambia baba yangu, "Muzee, ninawaachia siku munane mufikiri, halafu nitarudi." Mama yangu akauliza kama huyu amekuja kuoa ao amekuja kukamata mbuzi. Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, alikuwa mlangoni na viatu vinang'aa. Mimi nilikuwa tayari tangu siku ya tatu, lakini hilo sijamwambia mpaka leo.

Ana namna yake ya kufanya kazi ambayo wenzake wanaiona ni kupoteza mafuta ya mwili. Siku moja kabla ya karatasi, anaenda mikono mitupu. "Mama, kesho nitaleta karatasi. Si ya kukufunga. Ukae na mutu anayejua kusoma." Kesho yake anasoma kwa Kifaransa, anasoma tena kwa Kiswahili, kisha anamuomba mwenye deni amrudishie kwa mdomo wake mwenyewe: siku zinaanza lini, zinaisha lini. Siku ya kuletewa karatasi haihesabiwi, na siku ya mwisho lazima ipite yote. Anayekosea, wanaanza upya. Kuna muzee mmoja wa Mabanga alikosea kwa makusudi asubuhi nzima. Alikuwa anatafuta tu mtu wa kuongea naye. Useni alirudi nyumbani saa saba akiwa amekunywa chai mara tatu, na mimi nikiwa nimeshakula chakula chake.

Kazi hakuifanya hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2012, mwezi wa kumi na moja, waasi walipoingia mjini, tribunali ilifungwa. Dada yake mdogo, Ramla, alikuwa na deni la mtu mmoja wa Birere. Yule mtu hakuleta karatasi. Alileta vijana wanne wenye bunduki, na mpaka saa nane mchana nyumba ya Ramla ilikuwa imebaki kuta na msumari wa kutundikia saa. Ramla, mtoto mgongoni, aliomba apewe hata siku moja tu aende kwa kaka yake. Wakamcheka. Useni alipofika alimkuta anafagia. Alichukua ufagio wa pili, wakafagia nyumba tupu pamoja. Tangu hapo ukimwambia siku nane ni nyingi, anakutazama kama umemtukania dada.

Sasa nije kwa hadithi ya Apolline, maana hiyo ndiyo karibu itunyime unga.

Apolline ni Munande wa Butembo, mjane, ana wasichana wawili, anakaa mtaa wa Majengo. Anauza maharagi anayoyafuata mpaka Kiwanja, upande wa Rutshuru. Alichukua simenti na mabati kwa Aubin, mwenye depo kule Birere, lakini si yule wa Ramla, akasema atalipa kidogo kidogo. Halafu barabara ya Rutshuru ikaharibika, si mvua, ni watu; magunia yake yakachukuliwa mara mbili njiani, na deni likalala. Aubin akamshitaki, akashinda. Na Aubin si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mtu wa haraka, wa simu mbili, anayekula amesimama. Alikuwa amengoja miaka miwili.

Jumanne tarehe 18 mwezi wa tano, mwaka 2021, Useni alimpelekea Apolline karatasi. Wakahesabu pamoja: kuanzia Jumatano tarehe 19 mpaka Jumatano ingine tarehe 26. Alhamisi tarehe 27, kama hajalipa, Useni anaweza kuingia. Nyumbani kwake kulikuwa na televizioni, viti vya salon, na kabati kubwa ya vioo ambayo kartié nzima, mtaa wote, inaijua. Apolline akasema amesikia, akatia sahihi, akaanza kuzunguka kutafuta feza siku hiyo hiyo.

Jumamosi mlima wa moto Nyiragongo ukapasuka. Moto ulishuka ukasimama juu kidogo ya Majengo, pale Buhene, na nyumba za watu zikawa mawe meusi yenye moshi. Ndipo ardhi ikaanza kutetemeka, usiku na mchana, siku tano, mpaka sufuria zangu zikazoea kucheza zenyewe. Masoko yakafungwa. Alhamisi alfajiri redio ikasema gouverneur, mkuu wa jimbo, ameamuru kartié kumi ziondoke mara moja, na Majengo iko ndani, watu waende upande wa Sake.

Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 27.

Sisi tunakaa Ndosho, barabara ya Sake inapita mbele ya mlango wetu. Ndosho haikutajwa. Tulisimama nje tukaona mji mzima unapita: magodoro, mbuzi, wagonjwa kwa tshukudu zile za mbao za kusukuma, mapadri, vichaa. Na mume wangu alikuwa amevaa koti lake la kazi, dosié mkononi, amekaa kwa kiti.

"Papa Shukuru," nikamwambia, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "leo unaenda kukamata nani? Volcan?"

"Leo ni siku yangu ya kazi," akasema. "Sijasema nitaenda. Nimesema ni siku ya kazi."

Hapo hapo nikamuona Apolline katikati ya watu, godoro kichwani, wasichana wake wawili wameshika kitenge chake. Akatoka kwenye msafara, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Useni. Watu wakapunguza mwendo kutazama.

"Jambo, Papa Huissier."

"Jambo, Mama Apolline. Pole sana."

"Leo ndiyo ile siku. Sikukukimbia weye. Niko nakimbia moto. Batu bote hawa ni mashahidi."

Na akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wa nyumba yake.

Lazima nieleze. Watu wa kwetu wanaamini kwamba mwenye deni akitoka nyumbani ndani ya siku za karatasi bila ruhusa ya huissier, amekuwa mtoro, anafungwa gereza la Munzenze. Sheria haisemi hivyo. Useni ameeleza mara elfu. Lakini nenda ukatoe woga wa gereza kwenye kichwa cha mtu kwa kueleza.

"Mama, hakuna mutu anakuomba ufunguo. Enda, okoa batoto. Hakuna atakufunga."

"Ndivyo munasemaka bote. Halafu mutu anarudi, anakuta convocation ya kumuita tribunali kwa mulango." Akamshika Useni mkono, akautia ufunguo, akamfunga vidole kimoja kimoja kama mtu anayempa mtoto dawa. "Nimekupa. Batu bameona." Akarudi kwenye msafara, na godoro lake likaenda likipotea kati ya magodoro mengine.

"Kimbia umurudishie!" nikapiga kelele. "Useni! Unakaa na ufunguo wa mudeni? Unataka bakufukuze kazi?"

Akakimbia, koti na dosié na yote. Alirudi baada ya saa nzima, jasho tupu, viatu vyeupe kwa vumbi, ufunguo bado mkononi. Hakumuona. Na mmoja wa wabebaji wa Aubin, naye akikimbia na familia yake, alikuwa ameona kila kitu.

Jumamosi Aubin akafika na gari lake, amesimama kama kawaida.

"Papa Useni, nasikia uko na ufunguo."

"Niko nao."

"Na siku munane zimeisha Jumatano."

"Zimeisha."

"Basi twende. Lori iko. Batu wa kubeba beko."

"Hapana."

Aubin akacheka kwanza, akafikiri ni mchezo. "Hapana ya nini? Lava ikishuka tena, ile televizioni inaungua, viti vinaungua, kabati inaungua, na deni yangu inaungua nayo. Kama si lava, beko wezi. Majengo yote beko navunja milango. Tukitoa vitu leo, hata yeye ni faida yake!"

Niseme wazi: mimi niliona Aubin anasema kweli. Nikasema hivyo, mbele yake. "Papa Shukuru, huyu mutu hakutukana. Toa vitu, viandike, viweke salama."

"Vikitoka kwa mukono wangu," Useni akasema, "vimekamatwa. Siwezi kusema niko naviokoa wakati niko navikamata. Na mwenyewe haiko. Nani atasema hii ni yangu, hii ni ya jirani aliniwekesha? Huu ufunguo hakunipa ili niingie. Alinipa juu ya woga."

"Alikupa!" Aubin akapiga dosié kwa kiganja. "Kama haukuingia, basi uko namfichia vitu. Nitaandika kwa président wa tribunali. Nitaandika leo."

"Andika, patron. Weka na tarehe."

Akaondoka gari linalia. Nilimgeukia mume wangu. Tulikuwa na watoto watatu shuleni, na mimi nauza mafuta ya mawese kwa kopo, hiyo ndiyo mali yetu. Président angeweza kumsimamisha kazi kwa karatasi moja. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo siandiki hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana tabia hiyo mbaya ya kusikiliza, kisha akaomba maji ya kunawa miguu.

Tangu kesho yake, kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Ndosho mpaka Majengo kuangalia ule mlango. Pikipiki zilikuwa zimepandisha bei mara tatu, na nyingine zilikataa kufika. Aliangalia kufuli, akaangalia madirisha, akarudi. Siku ya nne nikamfuata, nijue kama huko hakuna mwanamke. Majengo ilikuwa kimya, mbwa tu wamelala katikati ya barabara ambapo hawakuwahi kulala maisha yao yote. Nyumba mbili jirani zilikuwa zimevunjwa. Kwa Apolline, Useni akasimama mbele ya mlango, akasawazisha koti, akapiga hodi.

"Unapigia nani hodi?" nikamuuliza.

Akaona haya. "Mukono umezoea," akasema.

Ardhi ikatetemeka kidogo. Nikamshika mkono, si kwa mapenzi, kwa woga, na tukarudi Ndosho hivyo hivyo tumeshikana kama vijana wa kwaya. Watu wa njiani walicheka na mimi sikuachia.

Waliohamishwa walianza kurudi wiki ya pili ya mwezi wa sita. Apolline alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake, miguu imevimba. Walikuwa wamelala darasani Sake, familia kumi na moja. Useni akamrudishia ufunguo. Akautazama, akamtazama.

"Hamukuingia?"

"Hatukuingia."

"Hata Aubin?"

"Hata Aubin."

Akakaa chini, pale pale kizingitini, akalia mpaka wasichana wake wakaona aibu. Mimi nilimpa uji, maana nilikuwa sijui nimfanye nini mtu aliyetutia kwenye matatizo namna hii na bado amenipendeza.

Barua ya Aubin haikuchelewa. Alhamisi tarehe 17 Useni akaitwa kwa président, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye hata wanajeshi wanamuogopa. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha. Kioo kilikuwa kimeanguka wakati wa matetemeko, kwa hiyo nilisikia vizuri kuliko mwandishi wa tribunali.

"Useni, ufunguo ulikuwa nao?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Siku nane zilikuwa zimepita?"

"Kwa kalenda, ndiyo."

"Kuna kalenda ingine?"

Mtu akacheka. Si Useni.

"Mheshimiwa, zile siku sheria imempa mutu ili atafute. Tangu Jumamosi ya moto, soko haikufunguka. Alhamisi alikuwa barabarani na godoro kwa kichwa. Angetafuta wapi?"

"Na mimi, Mheshimiwa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Aubin. "Siku zangu nani anazihesabu? Depo yangu ilifungwa pia. Miye pia nina batoto."

Hata mimi pale chini nilikubali kwamba mtu huyu pia ana lake.

Président akaandika muda mrefu. Kisha akasema: kungoja hakukuwa kosa, kukamata vitu ndani ya mji uliohamishwa, bila mwenye nyumba, kungeleta kesi ingine kubwa zaidi. Lakini huissier hapokei ufunguo wa mdeni, hata ukiangushwa mfukoni mwake. Kwa hilo, blâme, onyo la maandishi, iwekwe kwenye dosié. "Na ukirudia, Useni, utaniachia cachet, muhuri wako wa kazi, hapa juu ya meza. Peleka karatasi mpya. Siku nane. Zikipita, sitaki kusikia habari ya godoro."

Blâme hiyo ilimuuma. Kwa miaka yake yote ya kazi hakuwa na hata moja. Njiani alitembea kichwa chini, dosié kwapani. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu chini ya dirisha, mazuri sana. Nilipoona anavyotembea, nikayaacha. Nilinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nikamkaangia, nikamwekea za juu, zile kavu anazopenda. Alikula zote. Akaniuliza mbona mimi sili. Nikamwambia nimeshiba, na ilikuwa uongo.

Jumatatu tarehe 21 akapeleka karatasi mpya. Apolline akahesabu bila kukosea: Jumanne tarehe 22 mpaka Jumanne tarehe 29. Kazi ingekuwa Jumatano tarehe 30, lakini hiyo ni sikukuu ya uhuru wa inchi, na siku ya sikukuu huissier haingii kwa mtu. Kwa hiyo uhuru wa Congo ulimpa Apolline siku moja zaidi. Aubin aliposikia alisema yeye hajawahi kufaidika na uhuru huo hata mara moja.

Safari hii Apolline alitafuta kweli. Alipanda Kiwanja, akawakaba watu waliokuwa na deni lake la maharagi. Akauza televizioni, akauza viti. Jioni ya tarehe 30 alikuwa amepata karibu yote, ila kipande. Kabati ndiyo ilibaki. Alijaribu kuiuza, lakini nani ananunua kabati mwezi ule, wakati nusu ya mji ilikuwa inatafuta bati?

Alhamisi tarehe 1 mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, Useni akapiga hodi, Aubin nyuma yake. Mimi nilikuwa nimemfuata tena, nikasimama upande wa pili wa barabara na majirani. Apolline akafungua. Alikuwa amevaa nguo ya misa. Feza ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, akampa Aubin mkononi, Aubin akahesabu, akainua kichwa.

"Bado kidogo, Mama Apolline."

"Najua. Kabati iko hapo. Vyombo nimetoa."

Aubin akaipitisha mkono, akafungua mlango mmoja wa kioo, akaufunga polepole, na nikaona kwamba ameipenda. Useni akakaa kwa ndoo, maana viti havikuwako tena, akaweka dosié magotini, akaanza kuandika, akisoma kwa sauti kama anavyofanya siku zote ili mwenye nyumba asikie kinachoandikwa.

"Kabati moja ya mbao, milango minne ya vioo..."

"Simama hapo," Apolline akasema.

Useni akainua kalamu.

"Mbao gani? Mbao ni kitu cha kuweka chini ya magunia. Hiyo ni libuyu, muti wa bei kali. Marehemu mume wangu aliileta kutoka Butembo juu ya lori, siku tatu njiani, na mvua. Andika libuyu. Kama inauzwa, iuzwe kwa jina lake, na kitakachobaki munirudishie."

"Mama, haina neno..." Aubin akaanza.

"Iko na neno," Useni akasema. Akakata neno mbao kwa mstari mmoja, akatia alama yake pembeni kama sheria inavyotaka, na juu yake akaandika, kwa herufi kubwa kuliko zote za karatasi ile, LIBUYU. Akamgeuzia Apolline asome. Apolline akainama, akafuata herufi kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akaomba kalamu atie sahihi.